Ziwa Halina Chumvi

"Ziwa halina chumvi, fundi. Sasa nioshe nini?"

Hilo ndilo lilikuwa jibu la mzamiaji wetu kila nilipomgombeza. Ilikuwa miaka ya tisini, magugu maji yameziba ufuo wa Kisumu, nami nilikuwa fundi katika karakana ndogo karibu na gati. Kazi yangu mojawapo ilikuwa kutunza regyuleta, kile kifaa cha mdomoni kinachomletea mzamiaji hewa kutoka kwenye mtungi wa mgongoni. Mwenzangu huyo alijifunzia kazi Mombasa, ambako waliambiwa waoshe vifaa ili kutoa chumvi. Alipohamia kwetu akaonja maji, chumvi hakuna, basi na kuosha kukaisha. Akitoka ziwani aliitundika regyuleta msumarini na matope yake, huyoo, akaenda kula samaki. Ilikuwa ikiniudhi, sifichi.

Mimi nami nilikuwa na sharti langu: kifaa hakitoki karakanani kabla sijakivuta pumzi mwenyewe, uso ndani ya pipa la maji. Watu wa gatini walikuwa wakinicheka. "Fundi anabatizwa tena!"

Asubuhi moja ikaja familia kutoka upande wa Pap Onditi. Mtumbwi wa kijana wao ulipinduka kwenye magugu karibu na gati, na ziwa lilikuwa halijamrudisha. Mama yake aliketi chini mlangoni pangu, miguu ameinyosha, halii. Mjomba wa kijana alibeba gunia, na ndani yake mlikuwa na tunda la yago, lile refu na zito ambalo huku huzikwa badala ya mtu aliyekosekana. Jua likitua bila mwili, mama angerudi nyumbani kuzika tunda. Kila mtu pale alilijua hilo.

Mzamiaji alikuwa ameshavaa. Nikaitoa regyuleta msumarini, nikaiunga na mtungi, nikatia uso pipani na kuvuta. Nikameza maji. Nikavuta tena, maji yale yale.

Nikaifungua. Ndani mna kiulimi chembamba cha mpira kinachoachia pumzi itoke na kuzuia maji yasiingie. Matope yalikuwa yamekaukia pale, uzi wa mzizi wa gugu umekishikilia wazi, na mpira wenyewe umejikunja.

"Ngoja nibadilishe," nikasema.

Mjomba akanipandia. "Unacheza na hiyo kitu na mtoto yetu iko kwa maji? Wacha huyu aingie!"

Mzamiaji naye, macho chini: "Nitavumilia tu, fundi. Ni maji kidogo."

Maji kidogo! Chini ya magugu yale huoni hata kiganja chako, na yeye anataka kunywa ziwa huko chini kwa sababu anaona haya. Nilikasirika, nikaikumbatia regyuleta kifuani asije akaichukua.

"Wacheni fundi amalize," mama akasema, bila kupaza sauti. "Hata huyo anaingia ako na mama."

Nikang'oa kiulimi kizima kutoka regyuleta nyingine mbovu, nikapiga brashi kila kitu chini ya bomba, nikafunga, nikarudi pipani. Nikavuta: hewa tupu, hata tone la maji. Nikamkabidhi.

Jua lilikuwa bado juu alipoibuka kando ya magugu, amemshika kijana kwapani. Hapo ndipo mama alipolia, na wanawake wengine wakampokea. Mjomba alilivurumisha gunia ziwani, akaja kunishika mkono.

Walipompakia kijana kwenye pikapu, mama aliomba dereva angoje kidogo. Akamwita mzamiaji.

"Nyathina," akamwambia, yaani mwanangu, "osha hiyo kitu yako."

"Ndiyo, Mama."

Akaenda bombani na nguo zake za maji, akaosha. Pikapu ilishaondoka, regyuleta imeshatakata, naye bado anaosha.