Gauni la Mideva na Kichuguu cha Shikanga

Mchwa hawana haya. Kunguni angalau husubiri ulale, na panya ukikohoa hukimbia. Mchwa hula mchana kweupe, mbele yako, huku wakijijengea. Nayasema haya kwa sababu miaka ile ya tisini nilipanga mtaa wa Amalemba, chumba kilichopakana na cha Mideva, na hadi leo nikikumbuka yaliyompata damu hunichemka.

Mideva alikuwa Mmaragoli, mjane, mwembamba wa mwili lakini si wa ulimi. Alishona sare za shule kwenye veranda ya duka moja mjini, ila kilichomlisha hasa ni gauni. Gauni la harusi, moja tu, la pamba nzito, alilolichomoa kwenye mitumba likiwa na doa kifuani. Alilifua, akalificha lile doa kwa shanga, akaanza kulikodisha. Mabibi harusi wa Shinyalu, wa Lurambi, wa Malava, wanene kwa wembamba, wote aliwaingiza humo, huyu akipunguziwa kiunoni, yule akiongezewa. Ploti nzima tulimwita Mama Gauni. Aliwahi kuniambia kwamba gauni lile lilikuwa bora kuliko mume, kwa sababu lilimlipia kodi na halikurudi nyumbani limelewa.

Adui yake alikuwa nyuma ya nyumba. Mwenye ploti, Mzee Shikanga, alijenga vyumba vya udongo vilivyopakwa simenti juu juu, na ukuta wa nyuma akausimamisha karibu kabisa na kichuguu kirefu kama mtu. Mchwa walipita chini kwa chini wakatokea kwenye nyufa za sakafu. Kwangu walikula miguu ya kitanda, nikawa nalala kwenye mteremko. Kwa Mideva walikula sanduku la mbao. Siku alipotaka kulisogeza, alibaki na mbavu zake mikononi, kitako kiko chini. Bahati gauni lilikuwa limekodishwa. Akanunua sanduku la bati, akaliweka juu ya mawe.

Tulimwaga majivu, mafuta ya taa, oili chafu ya gereji, maji ya moto. Wakanyamaza kidogo, kisha wakarudi kwa njia nyingine. Kila mtu alijua dawa ni moja tu, kukichimba kichuguu na kumtoa malkia. Na kila mtu alijua Shikanga hataki. Mchwa wale wale wakiota mabawa huwa kumbikumbi, na kumbikumbi kwetu ni kitoweo, tena cha heshima. Kichuguu kilikuwa cha marehemu mama yake.

"Mama Gauni," Shikanga alimwambia, "mimi nilisomeshwa na hiyo kichuguu. Mama alikuwa anauzanga kumbikumbi sokoni, ndiyo nikavaa uniform. Sasa unataka nichimbe tu hivi hivi? Ngoja watoke kwanza, hii mvua ya mwezi wa nne. Wakishatoka, nachimba."

"Mzee, hata mwaka jana ulisema hivyo. Wakatoka, tukakula, jembe sikuona."

"Hii mwaka nimesema, nimesema."

Kesho ya Shikanga ilikuwa kama kesho ya fundi cherehani, na Mideva kama fundi aliijua vizuri. Lakini mpangaji afanye nini? Mkono mtupu haulambwi, na wake ulikuwa mtupu. Akangoja.

Aprili ikafika na mvua zake. Wiki hiyo hiyo Mideva alikuwa na bibi harusi wa Malava, msichana aitwaye Ayuma, harusi Jumamosi. Ayuma alikuja akapimwa, akazunguka mbele ya kioo chetu kilichopasuka, akalia kwa furaha, nasi tukalia naye kwa mazoea. Alipoondoka, Mideva alilipiga gauni pasi ya makaa hadi likanyooka. Kulikunja tena ndani ya bati kungeiharibu kazi yote. Akalitundika kwenye msumari ukutani, akalifunika shuka, akatukataza hata kulipumulia.

Ijumaa mchana jua lilitoka baada ya mvua, na Shikanga akaja akipiga mbinja. Kumbikumbi walikuwa tayari. Watu wa huku hawangoji watoke kwa hiari yao. Huinamisha fito juu ya kichuguu, huzifunika kwa blanketi na majani ya mgomba, huacha mwanya mmoja unaoelekea kwenye shimo, kisha hupiga vijiti juu ya ubao mpaka wale wadudu wadhani ni mvua.

Sijawahi kuona mtu akifanya kazi ya mwingine kwa moyo kama Mideva siku ile. Alitoa blanketi lake mwenyewe. Alitoa beseni lake la kufulia. Akakaa chini akapiga vijiti huku akiimba wimbo wa kwao, jasho likimtoka, maana kwa hesabu yake, wakitoka upesi wote jembe litaingia upesi.

Nao wakatoka! Walimiminika shimoni wakijaa beseni baada ya beseni, watoto wakiwatafuna wabichi, mabawa yametapakaa ua mzima. Shikanga alishika kiuno akacheka hadi meno ya nyuma yakaonekana.

"Tangu mama afe sijaona kitu kama hii," akasema. "Mama Gauni, mkono yako iko na baraka. Sasa kichuguu kama hii, kweli, mtu anachimba aje?"

Mideva aliacha kupiga. Aliviweka vijiti chini polepole, akainuka, akaingia chumbani kwake. Mimi nilibaki nimemkodolea macho Shikanga, na nikwambie kweli, ningekuwa mwanamume ningempiga.

Kisha nikamsikia Mideva akiniita, si kwa sauti kubwa. Nilimkuta amelivua gauni lile shuka. Kwa mbele lilikuwa jeupe, shanga zikimetameta. Alipolivuta kutoka ukutani, mgongo ulibaki. Ulikuwa umegandamana na ukuta kwa udongo mwekundu, mbichi bado, na ndani yake mchwa wakiendelea na shughuli zao. Tulikuwa nje tukiwapigia ngoma ndugu zao, nao huku wanakula. Mideva hakulia. Aliketi kitandani akiwa na nusu ya gauni mapajani, akaniuliza, "Ayuma nitamwambia nini?"

Mlango ukabishwa. Ni Shikanga, mkononi bakuli la kumbikumbi waliokaangwa, moto bado.

"Hii ni yako, ukule na obusuma, ugali yetu. Na ile blanketi imelowa, Mama Gauni. Uko na nguo ingine? Hata kesho watatoka."

Mideva alisimama akampa gauni.

"Funika na hii, mzee. Wanaijua."

Shikanga alilikunjua pale mlangoni. Udongo ukamdondokea kwenye viatu. Aliligeuza mgongo, akaligeuza kifua, na lile bakuli likainama mkononi mwake, kumbikumbi wakamwagika kizingitini. "Woi, mama," alisema, na sijui alikuwa anamwita mama yupi.

Kesho yake alfajiri Mideva alikwenda Malava mwenyewe kumtazama Ayuma usoni na kumwambia. Yaliyosemwa huko hakunisimulia, nami sikuthubutu kuuliza. Alipokuwa huko, Shikanga alikuja na jembe. Alichimba asubuhi nzima, peke yake, hadi akazama mabegani, bila kupumzika. Alimtoa malkia, mnene kama kidole gumba, akamweka juu ya jani la mgomba mbele ya mlango wa Mideva ili aone kwamba neno limetimizwa.

Mideva alirudi mchana, matope hadi magotini. Aliona shimo. Akaona jani na kilichokuwa juu yake. Akaliruka, akafungua kufuli, akanigeukia.

"Mama Lusweti," akasema, "una gunia la kunikopesha? Nahama."