Taa Iliyodhaniwa Inahesabu Ng'ombe

Siku hizi ukipita kwenye korido za hoteli na ofisi nyingi, taa zinawaka zenyewe mbele yako na kuzimika nyuma yako, wala hakuna anayegeuka kutazama. Mimi hugeuka. Nimefunga taa za namna hiyo Mwanza, Geita, Dodoma na miji mingine ambayo sikukaa hata mwaka, maana miguu yangu haijawahi kutulia. Lakini kila nikisikia ule mlio mdogo, "ta", kabla taa haijawaka, narudi Bariadi, kwenye ukuta wa gesti ya shangazi yangu.

Wakati ule Simiyu ilikuwa bado haijawa mkoa. Barua zetu zote ziliandikwa Shinyanga. Soko huria lilikuwa limeanza. Wanunuzi binafsi wa pamba walikimbizana vijijini na mizani zao, na maduka ya Mwanza yalijaa vitu ambavyo utotoni hatukujua kama vipo duniani. Shangazi, dada wa baba yangu, alikuwa mjane. Alikuwa amejenga vyumba saba vya matofali ya kuchoma kwa jasho la mashamba yake ya pamba. Shemeji zake walimwambia gesti si kazi ya mwanamke, na mnunuzi mmoja wa pamba alikuwa ameshauliza mara mbili kama angemuuzia jengo alifanye ghala.

Wateja wake walikuwa wenye ng'ombe. Kila wiki walishuka mnadani kutoka Mwamapalala, Migato na vijiji vya ndani zaidi, wakauza, wakalala kwake, asubuhi wakaondoka na chumvi na vitenge. Wao wakilala, gesti ni gesti. Wasipolala, ni ghala.

Mgeni mmoja alijikwaa kwenye ngazi za uani akienda chooni, akachubuka goti. Shangazi akaniita. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimejifunza umeme kwa fundi mmoja Mwanza, na nilijiona naujua.

"Nitafutie taa ya uani," aliniambia. "Isiyohitaji mtu wa kuiwasha. Wageni wangu hawajui swichi iko wapi, nami sitaki kuamshwa."

Nilirudi na boksi kutoka Mwanza. Ndani yake kulikuwa na taa yenye kioo cha mraba, balbu nyembamba kama kalamu, na chini yake jicho jeupe la plastiki. Kwenye boksi walichora nyumba nyeupe yenye taa hiyo juu ya mlango wa mbele, na mwanamke mwenye gauni akiingia huku anatabasamu. Picha ile ndiyo iliyoniponza. Shangazi alisema uani. Mimi nikaifunga mbele, juu ya mlango, inatazama barabara. Nilitaka mji wote uione.

Jicho lile lilikuwa na vitufe viwili vya kuzungusha. Kimoja kilipanga taa ikae ikiwaka muda gani, kingine kiliamua iwake gizani tu au hata mchana. Ili kuijaribu juani, nilizungusha hicho cha pili kwenye alama ya jua, na kile cha muda nikakiweka chini kabisa, sekunde chache tu. Ikafanya kazi. Watu wakapiga makofi. Nikashuka kwenye ngazi, nikaenda kunywa soda, nikasahau kuvirudisha vile vitufe.

Asubuhi yake ilikuwa siku ya mnada, na njia ya ng'ombe ilipita mbele ya mlango ule.

Ng'ombe wa kwanza alipita: ta, taa ikawaka. Ikazima. Akaja wa pili nyuma yake: ta, ikawaka. Ikazima. Ndama: ta. Walikuwa wakitembea kwa kuachana, kama ng'ombe waliochoka, na kila mmoja alipata mwanga wake. Mimi nilisimama mlangoni nimekunja mikono, nikidhani wanaume waliosimama ghafla barabarani wanashangaa uzuri.

Mama aliyekuwa akikaanga maandazi ng'ambo ya barabara ndiye aliyeniamsha. "Wewe! Shangazi yako ameajiri karani, akamtundika ukutani?"

Watu wakacheka, ila wenye ng'ombe hawakucheka. Kwetu humwulizi mtu ana ng'ombe wangapi. Ukimwuliza, atakwambia "wapo wapo tu", hata kama wamejaza bonde. Yeye mwenyewe hawahesabu. Huwatazama jioni wakiingia zizini, akajua kwa rangi nani hayupo. Kuhesabiwa ng'ombe zako na mgeni ni kuwatakia tauni, au ni dalili kwamba mtu wa kodi yuko njiani. Na sasa kulikuwa na kitu ukutani kinahesabu mmoja mmoja, hadharani.

Wakawageuza ng'ombe wao. Kundi zima likapita njia ya nyuma, kwenye majaruba ya mpunga. Jioni ile vyumba saba vilibaki na vitanda vilivyotandikwa. Wiki iliyofuata ikawa hivyo hivyo, ingawa nilikuwa nimeshaizima. Mnunuzi wa pamba alikuja mara ya tatu, safari hii na kamba ya kupimia.

Nilikuwa nimeshafunga begi langu. Ndiyo tabia yangu: mambo yakiharibika, nakumbuka kwamba kuna basi. Shangazi alinikuta nalo mkononi. Hakupiga kelele.

"Nilisema uani," akasema.

"Ndiyo, shangazi."

"Ukaiweka mbele."

"Ndiyo."

"Basi, ng'wanawane, mwanangu, weka begi chini. Taa uliileta wewe, utaieleza wewe. Usinieleze mimi. Nenda Mwamapalala ukamweleze yule ambaye wenzake wote humfuata. Akikubali kulala hapa, utaondoka. Asipokubali, utanisaidia kubeba marobota ya pamba humu ndani."

Nilikwenda kwa baiskeli. Mzee niliyetumwa kwake nilimkuta akimtoa ng'ombe kupe masikioni. Nilimwamkia, "Mwangaluka, baba," akaitikia bila kuinua kichwa.

"Wewe ndiye baba wa karani?"

"Ndimi. Nimekuja kuomba radhi. Nilikosea kuifunga. Haihesabu, baba."

"Mwizi naye husema haibi."

"Njoo uione mwenyewe. Uijaribu unavyotaka."

Akatazama vumbi lililonifika magotini, akacheka kidogo. "Umekuja na baiskeli hiyo mpaka huku? Shangazi yako amekukomesha. Nitakuja siku ya mnada. Nikiona inahesabu, nitaipiga fimbo."

Niliihamishia taa uani, juu ya ngazi, nikakizungusha kile kitufe cha muda mpaka dakika tatu. Kile cha jua nikakiacha palepale, kwa ajili ya jaribio. Mzee akaja mchana kweupe na wenzake kama wanane, pamoja na ng'ombe watano ambao aliwaingiza uani kwa shangazi bila kuomba ruhusa. Shangazi akatazama miche yake ya mchicha ikikanyagwa.

Mzee aliwasogeza watu na ng'ombe pembeni, jicho lisikofika, akaanza na gunia la pamba. Akalirusha mbele ya jicho. Kimya. Akatikisa fimbo. Kimya. Kuku akakatiza: ta, taa ikawaka. Wenzake wakarudi nyuma.

"Kuku imemwona, gunia haikuliona," akasema. "Inajuaje?"

"Inangoja joto, baba. Kitu chenye joto kikipita, inawaka. Gunia halina joto."

Nilikuwa nimejiandaa kueleza zaidi, kwa maneno niliyoyasoma kwenye karatasi ya boksi. Hakunipa nafasi. Aligeuka kwa wenzake, akainua kidole.

"Kupe!" akasema. "Si ni kupe hii? Kupe anakaa kwenye jani, kimya, hana habari na upepo. Joto likipita, huyo! Sasa nani kati yenu amewahi kuona kupe anahesabu ng'ombe?"

Mmoja wao hakuridhika. "Jaribu na wote."

Wakangoja taa izime. Kisha wakawapitisha wote watano. Ta, mara moja tu, taa ikawaka, ikakaa ikiwaka hadi ng'ombe wa mwisho alipomaliza mchicha na kutoka.

"Watano, mara moja," mzee akasema. "Hii haikumaliza hata darasa la kwanza."

Hapo ndipo walipocheka. Yule asiyeridhika alicheka kuliko wote, akajipitisha mara mbili tatu mbele ya ukuta kama bwana harusi. Mzee akamgeukia shangazi. "Mayu, mama yangu, ibaki huku huku inakotazama choo. Barabarani usiirudishe."

"Hairudi," shangazi akasema, akinitazama mimi.

Nimefanya kazi na mainjinia tangu wakati ule, na nimesoma vijitabu vingi vinavyokuja na macho ya namna ile. Hakuna aliyenifafanulia chombo kile vizuri kama mzee wa Mwamapalala, na mpaka leo nikimfungia mteja anayeogopa, namwambia habari ya kupe. Namshukuru. Lakini shukrani kubwa ni ya shangazi, aliyeniamuru niweke begi chini siku ile. Bila yeye ningepanda basi, na ningekuwa fundi anayefunga taa na kukimbia kabla ya mtu kuuliza swali.

Jioni ile fimbo za wenye ng'ombe waliokuja kulala zilijaa kwenye ukuta wa korido. Nilikuja kumwambia shangazi kwamba kesho naondoka, kama tulivyokubaliana. Nilimkuta chumbani kwake akitandua shuka za kitanda chake mwenyewe.

"Utaondoka, ndiyo," akasema. "Sasa kimbia kwa jirani ukaniazimie shuka nne. Hazitoshi."