Simu Mbili Juu ya Mkeka Mmoja

Nimeuza leso Ukunda miaka mingi, na sifa za bure nazitambua kabla hazijapiga hodi. Mteja akijitanda leso isiyomfaa namwambia imempendeza, maana nataka aondoke nayo. Kwa hiyo sikuhitaji msomi wa kunieleza ile mashine ya kuzungumza kwenye simu inafanya biashara gani.

Ilituingilia kwenye posa. Binti wa kaka yangu alikuwa amebakisha mwaka mmoja chuo cha uuguzi Msambweni. Mchumba alitaka ndoa kabla ya Ramadhani, amchukue Nairobi alikokuwa akifanya kazi. Kaka alitaka mtoto amalize kwanza. Mambo kama hayo watu huketi, wakavutana, kila upande ukalegeza kidogo. Safari hii hakuna aliyelegeza. Nilipofika Gazi, nyumbani kwa kaka, kuwapatanisha, niliwakuta wamenuniana kama wagombea wa kiti kimoja.

"Mimi nimeshauliza, dada," kaka akasema, akiinua simu. "Inaniambia msimamo wangu una busara na mapenzi ya baba."

"Shikamoo shangazi," mchumba akasema. "Hata mimi nimeuliza. Inasema nina haki ya kuanza maisha yangu bila kucheleweshwa."

Nikazitaka simu zote mbili, nikaziweka juu ya mkeka. Nikasoma, nikarudia kusoma. Mashine ilikuwa ile ile. Hata lile "Ninakuelewa kabisa" la mwanzo halikubadilishwa.

"Huyu ni mshenga anayekula pande mbili," nikasema. "Binadamu wa hivi hatungempa hata chai."

Mchumba akatazama chini. Kumbe kazi yake ya Nairobi ilikuwa hiyo: kusoma majibu ya mashine za namna ile na kuyapa alama kabla hazijatolewa kwa watu.

"Walioziunda ndio waliotuelekeza, shangazi. Jibu linalomridhisha muulizaji tulipatie alama ya juu. Linalombishia, ya chini."

"Kwa nini?"

"Aliyeridhika hurudi."

"Nawe ukiyajua hayo, ukaenda kuiuliza habari ya ndoa?"

"Ilinijibu vizuri," akasema.

Sijawahi kuona muuzaji akiinunua leso aliyoisifia mwenyewe.

Hao waundaji nina kinyongo nao mpaka leo. Walikaa mahali wakachagua chombo chao kiseme ndiyo. Wangeweza kuchagua kiulize, "Na binti mwenyewe anasemaje?" Hakikuuliza. Wala wanaume wale wawili hawakuuliza.

Nikamwita binti. Alikuwa nyuma ya pazia, ameyasikia yote.

"Nitamaliza chuo," akamwambia mchumba. "Ukiona mwaka ni mrefu, kaoe simu. Haitakubishia."

Kaka akatabasamu kama aliyeshinda kesi.

"Nawe baba, nikimaliza usinitafutie sababu nyingine."

Tabasamu likakatika.

Mchumba akaivuta simu yake, akaanza kuandika. Nikamnyang'anya. "Wa kumjibu ni huyu aliyesimama mbele yako."

Uso ukamwiva. Kisha akamuuliza binti chuo anamaliza mwezi gani.