Nilivyokwenda Buffalo Kumchunguza Mwindaji wa Fezanti

Sababu ya safari yangu ilikuwa picha. Binti yangu Neema alinionyesha kwenye simu kijana anayetaka kumwoa: amevaa fulana ya rangi ya chungwa, mkono mmoja umeshika bunduki, wa pili umemning'iniza fezanti, ndege wa porini mwenye mkia mrefu, na miguuni pake amelala mbwa. Anaitwa Elie, mtu wa milima yetu ya Kivu Kusini, Kongo, mkazi wa Buffalo. Neema alimwona mchumba. Mimi niliona mtutu umeelekezwa chini na kidole kiko mbali na kifyatulio, na machale yakanicheza. Milimani kwetu vijana walioshika bunduki vizuri namna hiyo walikuwa na kazi moja tu, ya kupigana msituni, na sikutaka mtu wa kazi hiyo aitwe baba na wajukuu wangu.

"Papa, ni hunting tu," Neema aliniambia. "Ya ndege. Bazungu bote banafanya."

"Huyu ni muzungu?"

Alisema tu kwamba hataolewa bila baraka yangu, kisha akaingia chumbani, na nikamsikia akilia. Kwa hiyo Desemba ile ya 2015, nilipopata siku nne za mapumziko kazini kwenye ghala, nikaamua kwenda kujionea mwenyewe.

Highview, Louisville, Alhamisi saa nne asubuhi. Nilijaza mafuta, nikaweka mikate na thermos ya chai kiti cha mbele. Kwetu mzazi wa binti hali kwa mchumba kabla ya kukubali posa, na mimi nilikuwa mbali kabisa na kukubali. Kwa simu nilimwambia Elie kwamba ninakuja kuona maporomoko ya Niagara. Alisema karibu sana, na Jumamosi yeye na jirani yake wanakwenda kuwinda, kama nitapenda twende wote. Alikubali haraka mno. Tangu Louisville mpaka Cincinnati nilikuwa nikijiuliza mtu mwenye jambo la kuficha anapata wapi moyo wa kumkaribisha mpelelezi.

Columbus, saa kumi alasiri. Nililala kwa Zakayo, mtoto wa baba yangu mdogo, anayekaa Clintonville na kufanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Mkewe alitupikia ugali na sombe ya majani ya muhogo. Zakayo anajua koo zote za milimani, na nilimwendea kwa sababu hiyo.

"Bon, kaka, ile famille ya Elie naijua," alisema. "Baba yake alikuwa mutu wa Mungu. Lakini mutoto, donc, alifika ku kambi ya wakimbizi peke yake. Miaka mbili yote kabla ya kambi hakuna mutu anajua alikuwa wapi."

"Miaka miwili?"

"Mbili. Mimi sisemi kitu, eh. Nasema tu mbili."

Usingizi ulikuwa wa shida. Miaka miwili msituni inatosha kumfundisha mtu kushika bunduki.

Buffalo, Ijumaa mchana. Baada ya Cleveland theluji ilianza kuvuma kutoka ziwani, nikaendesha taratibu mikono ikiuma kwa kukamata usukani. Elie anakaa Riverside, katika nyumba ndogo ya mbao karibu na mto. Alitoka nje bila koti kunipokea, mrefu, mpole, akanishika mkono kwa mikono miwili huku ameinama. Adabu yake ilinikera. Alipika wali na samaki, nikamwambia tumbo linanisumbua, nikala mkate wangu uliokauka. Hakunibembeleza hata mara moja, jambo lililonifanya nihisi kwamba anajua kilichonileta.

Alinieleza kwamba mbwa si wake. Ni wa jirani, Mmarekani mzee aitwaye Walt, mstaafu wa kiwandani. Elie alianza kwa kumwondolea theluji mlangoni, kisha akamtembezea mbwa maumivu ya nyonga yalipomzidi mzee, na mwisho Walt akamwambia asome kozi ya wawindaji, akate leseni, waende wote. Maelezo yalikuwa mazuri, na ndiyo maana sikuyaamini.

Jumamosi, saa mbili asubuhi. Mwendo wa saa moja kutoka mjini tulifika kwenye mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, yenye magugu makavu kando kando na theluji ya kufika kifundoni. Walt alinivika fulana ya rangi ya chungwa, akamfunga mbwa kengele shingoni. Huyu mbwa jike, mweupe mwenye mabaka ya kahawia, kazi yake si kukimbiza wala kukamata. Akinusa fezanti aliyejificha anaganda, mguu mmoja juu, pua imenyooka, mpaka watu wafike. Elie alinitafsiria maneno ya Walt: ndege waliobaki mwisho wa msimu ndio wagumu, kwa sababu wamekwisha kusikia milio mingi na hawaiamini hata nyasi inayotikisika. Niliwaelewa ndege hao.

Tulitembea kama nusu saa, kengele ikilia mbele yetu. Ghafla ikanyamaza.

Sijui nieleze vipi. Nilikulia kwenye ng'ombe. Kengele ya ng'ombe ikikatika ghafla namna ile, maana yake mtu amemshika shingo, na mtu huyo hayuko peke yake. Kabla sijafikiri nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye theluji, uso chini, viwiko mbele. Kisha nikasikia mabawa yakivuma kwenye magugu na Walt akipiga kelele, "Jike!" kwa Kiingereza chao. Sheria ya huko ni kuua jogoo tu. Hakuna aliyefyatua. Walt alicheka hadi akashika nyonga. Elie hakucheka. Alinipangusa theluji kifuani, akinitazama.

Aibu ilinipanda, nikaigeuza kuwa hasira. Nikajiambia: ameona jike amezuia kidole, hiyo ni nidhamu ya jeshi. Baadaye aliruka jogoo mwekundu, mkubwa kama kuku, karibu kabisa. Elie akapiga, akakosa. Akaruka wa pili, akakosa tena. Nikajiambia anakosa makusudi ili anidanganye. Kichwa changu siku ile kilikuwa na jibu la kila kitu.

Tulifika kwenye ua wa waya. Wawindaji wa huko hawavuki ua na bunduki mkononi; mmoja hutoa risasi zote, hukabidhi bunduki tupu, kisha huvuka. Walt alikuwa amekwisha kupita na mbwa. Elie akatoa risasi, akanipa bunduki yake, akavuka. Niliipokea, nikaifungua, nikachungulia ndani, nikaelekeza mtutu mbali na watu na kuilaza kwenye mkono. Yote kwa pumzi moja, macho yangu yakiwa kwa mbwa.

Elie alisimama upande wa pili wa waya.

"Papa," alisema polepole, "mimi balinifundisha hiyo kitu kwa kozi, na mpaka leo niko nasahau. Weye, nani alikufundisha?"

Badala ya kujibu nilimrushia langu: "Ile miaka miwili ulikuwa wapi?"

"Uvira. Ku boulangerie ya mama mumoja. Nilikuwa nachoma mikate. Namba yake ninayo, umupigie." Akangoja. "Na weye, Papa?"

Nikamwambia. Mwaka mmoja na nusu, nikiwa na miaka kumi na tisa, na vijana wengine wenye bunduki wa kulinda ng'ombe. Tulilinda, na mara nyingine tulifanya zaidi ya kulinda. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote hapa Amerika. Machozi yalinitoka, na baridi ile ikayagandisha usoni.

"Neema anajua?"

"Hajui."

"Sitamwambia," alisema. "Lakini, Papa, mimi sitaweza kuwa na bibi na kumuficha kitu. Ule mwenye kumwambia ni weye."

Alichukua bunduki yake, tukaendelea. Walt alipata jogoo mmoja. Elie hakupata kitu.

Jumapili, njia nzima ya kurudi sikuwasha redio. Nilikwenda kumtafuta mtu aliyenitisha, na nimejifunza kwamba nilikuwa nikiijua mikono yake kwa sababu ni yangu. Ni vibaya kumchunguza kijana wa watu kwa kosa lako mwenyewe.

Highview, alasiri. Neema alifungua mlango kabla sijagonga. Hakunipa hata salamu.

"So? Alikuwa askari?"

"Hapana. Alikuwa anachoma mikate."

Alicheka, akalia, akanikumbatia shingoni. Nilimwacha afurahi kidogo. Kisha nikamketisha kwenye kochi, nikakaa mbele yake na koti langu mwilini.

"Sasa, mama," nikamwambia, "lile swali, niulize mimi."