Picha ya Ndege Niliyoisafisha Kinyume

Siku ile ya maonyesho mjini Jinja naikumbuka hadi leo, mwanangu, na kila nikiikumbuka najikasirikia upya. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mmoja, nimetoka kwetu Mbale kujifunza kazi katika studio ya Bwana Yusuf, Mhindi mzaliwa wa Jinja. Nilijua kushika kamera, nilijua kuchanganya dawa, na juu ya hayo nilikuwa nimesoma gazeti moja kuhusu ndege za zamani. Moja tu! Basi nikajiona bingwa.

Mzungu mmoja mzee alikuwa anahama, akamwachia Bwana Yusuf sanduku la negativu za kale, zile za vioo, kabla filamu hazijaenea. Humo mlikuwa na picha za ndege za kwanza kufika ziwani kwetu: mabawa juu na mabawa chini, yamefungwa kwa waya, rubani ameketi wazi kichwa kinapigwa na upepo, na badala ya magurudumu kuna maboya marefu ya kuelea majini. Wakubwa wa mji wakaomba tuzionyeshe ukumbini. Bwana Yusuf akanipa kazi ya kuzisafisha kwenye karatasi na kuandika chini ya kila moja ni ndege gani na ilipigwa picha wapi.

"Usipojua, andika hujui," aliniambia.

Mimi niandike sijui? Mimi, msomi wa gazeti zima?

Picha moja ilionyesha ndege ukingoni mwa ziwa. Mzungu amesimama juu ya boya, na wanaume wanne wako ndani ya maji hadi kiunoni, wanaishikilia ndege kwa kamba. Nikavitazama vilima vya nyuma, nikaona havifanani na vya Jinja. Nikaandika kwa wino: Kisumu. Sikumuuliza mtu. Nikaenda kula.

Siku ya maonyesho akaingia mama mmoja wa makamo, amevaa gomesi ya kijani. Mlangoni alijitaja kuwa Mama Nangobi, wa Buwenge; alikuwa amekuja mjini kununua vitu vyake akafuata watu ndani. Alipofika kwenye picha ile akasimama, mkono mdomoni.

"Huyu baba yangu," alisema, akimwonyesha mtu wa mwisho kwenye kamba. "Alikufa mimi nina miaka minane. Sina picha yake hata moja."

"Mama, hapa ni Kisumu," nikamwambia. "Baba yako alifanya kazi Kisumu?"

"Hapana. Hapahapa Jinja, kwenye mashua."

"Basi si yeye."

"Ni yeye. Tazama mkono wake wa kushoto. Kidole kilikatwa na kamba."

Nikainama. Kweli kidole kimoja hakikuwepo, lakini mkono ulikuwa wa kulia. Mwanangu, mtu mwenye akili angeshtuka hapo. Watu wangapi duniani wamekatika kidole kilekile? Mimi nilifurahi! Nikasema kwa sauti, wote wasikie, "Umeona? Huu ni wa kulia." Watu wakacheka. Mama Nangobi aliurekebisha mkanda wa gomesi yake, akatoka machozi yakimlengalenga.

Bwana Yusuf alikuwa nyuma yangu, amesikia yote. Hakupiga kelele, na heri angepiga. "Kijana," aliniuliza, "huyu mzungu wa pichani kwa nini amevaa koti la mke wake?"

"Koti gani, bwana?"

"Tazama vifungo."

Vifungo vilikuwa upande wa kushoto wa mvaaji, kama vya makoti ya kike; vya wanaume huwa kulia. Tukarudi studio, akakishika kile kioo, akakigusa kwa ukucha pande zote mbili. Upande mmoja ulikuwa mtupu, wa pili una dawa, nami nilikuwa nimekilaza kinyume juu ya karatasi ya picha. Kushoto kumekuwa kulia, kulia kumekuwa kushoto. Kwenye bawa ilionekana herufi moja tu, A, na A hata uigeuze inabaki A, kwa hiyo haikunizindua. Tukaisafisha upya. Vilima vikawa vya Jinja, na mkono uliokatika kidole ukawa wa kushoto.

"Vifungo nitakufundisha," alisema Bwana Yusuf. "Lakini mtu amekuja na jibu mdomoni, ukamfukuza mbele za watu. Hilo nani atakufundisha?"

Kesho yake nikapanda gari hadi Buwenge. Niliuliza na kuuliza, nikamkuta uani kwake anapukuchua mahindi. Nikapiga magoti, nikampa picha, nikaomba msamaha. Alijifuta mikono, akaipokea.

"Ulinihoji kama askari," alisema. "Alikofanya kazi uliuliza. Jina lake hukuuliza."

"Aliitwa nani, mama?"

"Balikowa."

Nikaliandika nyuma ya picha kwa penseli, naye akaifuata ile penseli kwa macho herufi hadi herufi, ingawa hakujua kusoma. Hakusema amenisamehe. Picha aliifunga ndani ya kitambaa, akaingia nayo nyumbani.

Na sasa ninyi! Hapa Mbale mnaniletea simu zenu kila wiki. Juzi mmoja wenu kaweka mtandaoni picha ya ndege yenye maboya, kaandika ni ndege ya kwanza kutua Mbale. Itatua wapi na maboya, jamani, stendi ya mabasi? Watu chungu nzima wamebonyeza vimoyo. Nimesahihisha, nikajibiwa, "Mzee, tulia." Nitatuliaje?

Nisikilize, mwanangu. Picha ya kale ukipewa, usianze na jina la ndege. Anza na vifungo, mikono, maji, waliosimama pembeni ambao hakuna aliyewaandika. Andika kwa penseli kile unachokijua, na usichokijua kiache wazi, hakuna atakayekucheka. Na akija mtu akasema huyu ni wangu, mpe kiti kwanza, muulize jina la mtu wake, ndipo ubishane naye kama bado una hamu ya kubishana.

Mungu akulinde. Akupe macho mazuri hadi uzeeni, na asikunyime watu wa kukukosoa ungali kijana.