Askari wa Saruji Mwenye Gamubuti

Sanamu ya mashujaa iko sokoni kwetu, nje kidogo ya Sirisia, pale pale lori la serikali lilipowabeba vijana kwenda vita vya Burma. Miaka yote palikuwa patupu, mbuzi wakilala. Halafu diwani wetu akaamua mashujaa wakumbukwe. Uchaguzi ulikuwa karibu, kwa hivyo uzalendo ulimshika ghafla kama malaria.

Akamleta fundi kutoka Kwanza, upande wa Kitale, bingwa wa misalaba ya makaburini. Fundi akajenga ngazi tatu, na juu yake akasimamisha askari wa waya, kokoto na saruji, kofia imekunjwa upande mmoja kama ya keya, wale askari wa Mwingereza. Lakini buti za jeshi zilimshinda. Viatu alivyokuwa navyo vya kuigiza ni gamubuti zake mwenyewe, zile ndefu za mpira, basi shujaa wetu ameenda Burma kama mtu anayeenda kukama ng'ombe.

Gamubuti ningesamehe. Uso ndio sikusamehe. Ulikuwa wa babake diwani, masikio yale yale kama mikono ya sufuria. Jina lake nalo lilichongwa juu ya majina mengine yote, kwa herufi kubwa. La babu yangu halikuwepo.

"Nafasi imeisha, mama," diwani alimwambia kukhu, yaani nyanya yangu, alipoenda kuuliza.

Kukhu alirudi akaketi jikoni bila kuvua leso ya kutembelea.

"Burma gani?" akasema. "Lori lilipokuja, huyo babake diwani alifichwa na mama yake kwa ghala, akafunikwa na wimbi. Mimi nilikuwa msichana wa jirani. Si ni mimi nilikuwa nampelekea uji?"

Babu alipanda lori. Mvua za huko zilimwozesha vidole vya mguu wa kushoto, akarudi bila hata kimoja. Na yule wa ghala akamwita Mguu Nusu maisha yake yote, hapo hapo sokoni, mbele ya watu. Babu hakuweza kukasirika, kwa sababu walitahiriwa msimu mmoja. Kwetu hao ni bakoki: wanatukanana watakavyo, na anayekasirika ndiye anayeaibika.

Babu alikufa kabla sijazaliwa, nikapewa jina lake. Ndiyo maana kukhu huniita mume wangu, na hunigombeza kwa kutoleta nyama nyumbani. Nikamtazama pale jikoni, ndipo ikanijia: kama mimi ni mumewe, yule mzee ni bakoki wangu.

"Kukhu, naweza kumtusi?"

Akaivua ile leso. "Mume wangu," akasema, "umechelewa sana."

Siku ya kufungua sanamu nilivaa sare yangu ya shule ya Kitale, nikapiga pasi mpaka kola. Babake diwani alikuwa ameketi kwenye sofa iliyoletwa kutoka kwake, kifuani ana medali ambazo ukisogea unaona ni za mashindano ya mpira, za wajukuu wake. Diwani akauliza kama kuna jamaa wa mashujaa mwenye salamu. Kukhu akanisukuma. Nikamfuata mzee na maikrofoni mkononi.

"Bakoki, niaje!"

Diwani akaruka. "Toa huyo mtoto hapo!"

"Mtoto gani?" kukhu akapaza sauti. "Huyo ni bwanangu, anasalimia bakoki wake. Ama serikali imekataza?"

Wazee wakaanza kucheka, na diwani akarudi nyuma.

"Bakoki," nikaendelea, "siku ile ya lori nilikutafuta, bana! Nilikushikia nafasi mpaka Kisumu. Kumbe wewe unapigana vita na panya ndani ya wimbi?"

Soko lililipuka. Mzee angeweza kukana, lakini mdomo wake ulikuwa umezoea. Akainyakua maikrofoni.

"Nyamaza, Mguu Nusu! Mimi kwa ghala nilikunywa uji moto. Wewe huko ulikula nini, vidole vyako?"

Watu wakacheka tena, kisha kicheko kikakatika kidogo kidogo, kila mtu akigundua alichosikia. Sauti yake ilikuwa imefika mpaka kwenye posho mill ya kusagia unga, kwa spika alizoleta mwanawe mwenyewe. Ati nilimhurumia? Sikumhurumia hata kidogo. Nilimtazama akizifunika medali kwa kiganja, moja moja, na nikatamani zingekuwa nyingi zaidi.

Fundi alirudi wiki iliyofuata, akaziba jina la mzee kwa saruji na kuchonga la babu juu yake. Diwani naye akaja nyumbani, kofia mkononi, kuomba picha ya babu ili uso ubadilishwe.

Picha ipo, kukhu huilaza ndani ya Biblia. Akamnyima.

"Mwacheni hivyo hivyo," akasema. "Mume wangu alinyeshewa huko Burma. Sasa huyu naye anyeshewe."

Kwa hivyo askari amebaki na masikio yake na gamubuti zake, jina la babu likiwa miguuni, kunguru wakimfanyia kofia wanavyotaka. Mvua ya mawe ikianza, sisi wengine tunakimbilia ndani. Kukhu yeye hutoka mlangoni na kutazama upande wa soko.