Dayodi za Uzio wa Zabibu

Hii habari nikiisimulia naonekana mjinga, na wanaonijua watasema siyo kuonekana tu. Sawa, wacheke.

Ilikuwa miaka ya ruksa, mali za nje zimeanza kumwagika Dodoma. Mimi fundi redio, darasa la saba, mdomo wa profesa. Mama mmoja mwenye shamba la zabibu nje ya mji alikuwa amenunua mashine kuukuu ya uzio wa umeme, maana msimu uliopita mbuzi wa jirani walivuna kabla yake. Mashine yenyewe inavuta umeme wa betri ya gari, inaujaza kwenye kapasita mpaka ishibe, halafu inautema wote kwa mpigo mmoja kwenye waya. Ta! Inajaza tena. Ta! Shida, kila mpigo una mkia unaorudi nyuma, na mkia huo ndio ulikuwa unaunguza swichi ya ndani. Dayodi ya kuikinga, kile kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ilishakufa.

Dayodi ya umeme mkali namna ile mjini hakuna. Nikang'oa ndogondogo kwenye televisheni mbovu, nikaziunga mstari mmoja, zote zinaangalia upande mmoja, kila moja na rezista yake pembeni ili zigawane mzigo sawa. Nikaenda kuifunga mashine shambani. Ta! Ta! Inaimba.

Nikashika waya. Kimya.

"Vipi, fundi?"

"Mama, huu waya hata mtoto mchanga alale juu yake. Dayodi zimegoma."

"Zabibu nakata kesho, mwanangu. Mbuzi wanapita hapa jioni hii wakitoka malishoni. Utawaambia nini, wasubiri?"

"Nitawaimbia."

Hakucheka. Hapo nikaona kweli, mwaka wake mzima unaning'inia kwenye yale mashada.

Nikashika tena, mikono miwili, natikisa kama mlevi aliyefungiwa nje. Hakuna kitu. Basi, nikaamua kuzing'oa dayodi nianze upya. Nageuka kuifuata mashine, mwiba ukapenya soli ya katambuga. Nikaivua, nikakanyaga na mguu mtupu udongo aliokuwa amemwagilia, nikajishikiza kwenye waya nichomoe mwiba.

Kuruka sikumbuki. Nakumbuka kutua, kwenye mfereji, tope mpaka masikioni.

"Si ulisema waya umekufa?" mama akauliza.

"Umefufuka, mama."

Dayodi sikugusa hata moja. Jioni mbuzi wakaja, beberu la ndevu mbele kama mwenyekiti. Likapeleka pua. Ta! Lilipiga kelele nadhani hata kule Bahi walisikia, kundi zima likageuka mbio nyuma yake. Mashine ikaendelea tu, ta, ta, wala haikuungua. Mama akapiga vigelegele, akanijazia zabibu kwenye kofia.

Nikamwambia bado sielewi, mbona mwanzo nilishika nisisikie kitu? Akaziangalia katambuga zangu, tairi nene la lori, akatikisa kichwa.

"Fundi, uzio ni wa mbuzi. Wewe umeona mbuzi gani amevaa tairi?"